Kuwa jaji wa maonyesho ya mbwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayefuga mbwa wa nasaba, au anayefikiria kuanza, na ambaye siku moja angependa kusimama katikati ya ulingo badala ya kukimbia na mbwa pembezoni mwake. Nimeegemea zaidi utaratibu wa Marekani, ule wa American Kennel Club (AKC), kwa kuwa masharti yake yameandikwa kwa hesabu na hayaachi nafasi ya kubahatisha. Pale ambapo Uingereza, au shirikisho la kimataifa la FCI lenye makao Thuin nchini Ubelgiji, wana njia nyingine, nimetaja. Masharti hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo kabla ya kujaza fomu soma toleo la mwaka huu.

Jaji wa mbwa huamua nini hasa?

Anayefika kando ya ulingo mara ya kwanza hudhani jaji anachagua mbwa anayempendeza. Sivyo. Kila aina ya mbwa ina kigezo chake, maandishi mafupi yanayoeleza mbwa kamili wa aina hiyo awe vipi: kimo, kichwa, meno, manyoya, rangi, mwendo na tabia. Jaji humpima kila mbwa kwa maandishi hayo, kisha humweka mbele yule aliyeyakaribia zaidi. Ndiyo maana kwenye fainali Chihuahua anaweza kumshinda Great Dane na pasiwe na kichekesho chochote. Hawakupimana wao kwa wao; kila mmoja alipimwa kwa kigezo chake.

Kigezo hakieleweki bila kujua mbwa aliumbiwa kazi gani. Chukua Rhodesian Ridgeback, mbwa wa kusini mwa Afrika. Kigezo chake kiliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na mwandishi wake, Francis Richard Barnes, aliazima mpangilio wa kigezo cha Dalmatian. Kila mtu anamjua mbwa huyu kwa mstari wa manyoya ya mgongoni yanayoota kuelekea mbele, wenye mapindo mawili yanayofanana na kutazamana karibu na mabega. Jaji mchanga huukodolea macho mstari huo na kusahau mengine. Mbwa huyu alitumiwa kumfuata simba na kumsumbua mpaka mwindaji afike. Anahitaji pumzi, miguu isiyochoka na wepesi wa kukwepa. Mwenye mstari mzuri lakini kifua chembamba na mwendo wa kuburuta miguu hajakikaribia kigezo, hata kama picha yake inapendeza.

Je, ni lazima niwe nimefuga na kuzalisha mbwa mwenyewe?

Kwa AKC, ndiyo, na si kidogo. Masharti ya kawaida kwa anayeomba mara ya kwanza ni haya: awe na uzoefu wa miaka 12 katika maonyesho, awe amezalisha na kulea mizao isiyopungua 5 ya aina moja, kutoka humo wawe wametoka mabingwa 4, awe amehudumu kama msaidizi wa ulingo mara 5, na awe ameamua mashindano madogo ya mazoezi mara 6.

Gumu kuliko yote ni la mabingwa 4. Mbwa wa Marekani hapati ubingwa kwa kushinda siku moja. Anatakiwa kukusanya alama 15, ndani yake kuwe na ushindi mkubwa mara mbili chini ya majaji tofauti, na walau alama moja kutoka kwa jaji wa tatu. Uingereza mbwa huhitaji vyeti 3 vya ubingwa kutoka kwa majaji 3 tofauti. FCI nayo, kwa ubingwa wa kimataifa, hutaka vyeti 4 vya CACIB kutoka nchi 3 na majaji 3, na kati ya cha kwanza na cha mwisho upite mwaka mmoja na siku moja. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mfumo wenyewe hauamini jicho la mtu mmoja, na jaji mpya anafaa kulijua hilo kabla hajaanza kuvimba kichwa.

Wapo wanaolalamika kwamba masharti haya yanawapendelea wenye fedha na wenye mashamba. Lalamiko hilo lina ukweli. Hata hivyo, mtu aliyekesha na jike linapozaa, akawalea watoto wanane, akawauza saba na kubaki na mmoja, tayari ameshaamua. Halafu amesubiri miaka miwili kuona kama alichagua sawasawa. Bega alilolisifu kwa mtoto wa wiki nane limekuwaje? Jino lililokuwa limekaa vizuri limehama? Funzo la namna hiyo halipatikani kwenye semina.

Wengine huingia kwa mlango tofauti, hasa waliokuwa waonyeshaji wa kulipwa kwa miaka mingi wakaiacha kazi hiyo. Hao wameshika mbwa wengi kuliko mfugaji yeyote.

Usaidizi wa ulingo ni kazi gani, na kwa nini unahesabiwa?

Msaidizi hugawa namba za kufunga mkononi, huita mbwa wa kila daraja, hupanga riboni mezani na huhakikisha jaji hasubiri. Hatakiwi kutoa maoni kuhusu mbwa wala kumnong'oneza jaji lolote.

Kwa maoni yangu hii ndiyo shule bora kuliko zote, nayo ni bure. Unasimama hatua chache kutoka kwa jaji siku nzima. Unaona mikono yake inapita wapi, anasitasita kwa mbwa gani, na saa nane mchana jua likiwa kali anaendelea kumtendea mbwa wa mwisho kwa utaratibu uleule aliomtendea wa kwanza au ameanza kulipua. Ukipata nafasi ya kusaidia, usingoje ulazimishwe na fomu.

Mtihani una nini ndani yake?

Kwa AKC kuna mtihani wa kanuni na taratibu, ambao unaruhusiwa kuufanya kitabu kikiwa wazi mbele yako, kuna wa maumbile ya mbwa, na kuna wa kigezo cha kila aina unayoomba. Baada ya hapo kuna mahojiano. Ukipita unapewa kibali cha muda, na katika kazi zako za mwanzo wawakilishi wa AKC huja kukutazama ukiwa ulingoni. Wanachotazama ni kama unafuata utaratibu, unajaza daftari lako sawasawa, unaweza kueleza sababu za uamuzi wako, na mbwa uliowaweka mbele wanafanana na maelezo yako.

Kumbuka kwamba kibali ni cha aina moja au aina chache. Anayetaka kuamua kundi zima huongeza aina kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. AKC ina makundi saba na aina zaidi ya 200. FCI ina makundi kumi. Majaji walioidhinishwa kwa aina zote ni wachache mno, na karibu wote wana mvi.

Uingereza wanafanyaje?

The Kennel Club, iliyoanzishwa mwaka 1873 na siku hizi ikiitwa The Royal Kennel Club, ilianza mwaka 2019 mpango mpya wa elimu ya majaji wenye ngazi kwa ngazi. Unapanda kwa kuhudhuria semina ya majukumu ya jaji, semina ya maumbile na mwendo, mtihani wa kanuni, siku maalumu ya kujifunza aina unayoitaka, na kukaa na mlezi ulingoni. Ngazi ya nne ndiyo inayokupa haki ya kutoa vyeti vya ubingwa katika aina hiyo. Zamani mambo yalitegemea sana nani anakujua na nani anakupendekeza. Mpango mpya haujaondoa hilo lote, lakini sasa mgeni anaweza angalau kuziona ngazi mwenyewe.

Tofauti nyingine ni kuandika. Jaji wa Uingereza anatarajiwa kuandika tathmini za mbwa aliowaweka mbele, zichapishwe watu wasome. Wa FCI humsomea karani ripoti ya kila mbwa palepale ulingoni na kumpa daraja, kuanzia bora sana mpaka kuondolewa. Wa Marekani huonyesha kidole, hutoa riboni, basi. Napenda zaidi njia ya kuandika, maana hapo ujinga hauna pa kujificha. Linganisha tathmini hizi mbili za jike moja la Basenji. Ya kwanza: «Mbwa mzuri, nimempenda sana.» Ya pili: «Jike la miaka mitatu, kichwa kizuri chenye mikunjo ya kutosha, shingo ndefu, mgongo mfupi ulionyooka; ningependa bega lililolala zaidi; mkia umejipinda barabara; alienda kwa mwendo mwepesi na mrefu.» Ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakufika uwanjani.

Kila mbwa hupewa muda gani?

AKC hutarajia jaji aende kwa wastani wa mbwa 25 kwa saa, yaani kama dakika mbili na nusu kila mmoja, na asizidi mbwa 175 kwa siku. FCI, kwa sababu ya ripoti, huweka mbwa 20 kwa saa na 80 kwa siku, na pakiwa na ulazima wasizidi 100.

Dakika mbili na nusu zinatosha ukiwa na mpangilio. Tuendelee na Basenji, mbwa wa kutoka misitu ya Kongo, aliyefikishwa Uingereza miaka ya 1930 na kuonyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya huko, mwaka 1937. Kwanza jaji anarudi nyuma na kumtazama kwa ubavu akiwa amesimama: miguu mirefu, mgongo mfupi, mwili unaoonekana kuwa juu ya ardhi. Dume liwe na kimo cha sentimita 43 hivi na uzito wa kilo 11. Jike ni dogo kidogo. Kisha mbwa anawekwa mezani. Jaji anamkaribia kwa mbele, bila haraka, na kumwacha amnuse. Masikio yakisimama, mikunjo midogo ya kipaji cha uso inajitokeza. Yakilala inapotea, kwa hiyo anangoja mbwa ashtuliwe na kitu. Macho yawe ya umbo la lozi. Anafunua midomo: meno ya mbele ya juu yapite kidogo mbele ya yale ya chini na kuyagusa. Mikono inashuka shingoni, inalipima bega lilivyolala, inapita kifuani, kwenye mbavu na kiunoni. Kwa dume, anahakikisha korodani zote mbili zimeshuka. Mkia ujipinde na kulala upande mmoja. Nyayo, kifua na ncha ya mkia viwe na weupe, rangi nyingine iwe yoyote kati ya zile zinazokubaliwa.

Halafu chini. Anamwambia mwonyeshaji aende moja kwa moja na kurudi, kisha azunguke ulingo. Hapa Basenji halisi anajitambulisha: anatroti upesi, hatua ndefu, mgongo umetulia. Na asipomchangamkia jaji, kosa si lake. Kigezo chenyewe kinakiri kwamba aina hii inaweza kujitenga na wageni.

Jambo la kukumbuka kwa anayepanga kuamua pande zote mbili: AKC humweka Basenji kwenye kundi la mbwa wa kuwinda, pamoja na Beagle na wenzake. FCI humweka kundi la tano, pamoja na mbwa wa asili na wale wenye masikio ya kusimama wa nchi za baridi. Mbwa ni yuleyule, lakini majirani zake na macho ya jaji aliyewazoea hao majirani hubadilika.

Mimi ni daktari wa mifugo. Je, nimeshafika nusu ya njia?

Umefika robo. Maumbile unayajua, na hutatishika mbwa akitoa meno. Ila daktari amefunzwa kutafuta ugonjwa, na jaji hutafuta aina. Mbwa mzima kabisa anaweza kuwa mfano hafifu wa aina yake. Tena angalia wateja wako: ukiwa unatibu nusu ya mbwa wa jiji, watu watahesabu ni wangapi kati ya walioshinda chini yako wanakuja kliniki kwako.

Ni nani haruhusiwi kuwa jaji?

Mwonyeshaji wa kulipwa anayeendelea na kazi hiyo haruhusiwi, wala mchuuzi anayenunua na kuuza mbwa kama bidhaa. AKC huchunguza pia kazi nyingine zinazohusu mbwa kabla ya kukubali ombi. Sababu haihitaji maelezo marefu: huwezi Jumamosi kulipwa na mtu akupe mbwa wake umwonyeshe, Jumapili ukampa mtu huyo riboni.

Mwenendo unaotakiwa ni upi? Nasikia kuna sheria hata za kusafiri.

Zipo, na hapa ndipo majaji wengi huharibikiwa. Hawaharibikiwi kwa kutojua mbwa. Wanaharibikiwa kwa kuonekana mahali wasipopaswa kuonekana.

Kanuni za FCI zinasema wazi: jaji asisafiri kwenda kwenye maonyesho pamoja na waonyeshaji atakaowaamua. Asikae kwao wala kustarehe nao kabla ya kazi kwisha. Asiangalie katalogi, kwa kuwa ndani yake kuna majina ya wenye mbwa na wazazi wa mbwa. Asivute sigara wala kunywa pombe ulingoni, na simu aiweke mbali. AKC kwa upande wake haimruhusu jaji kuonyesha mbwa wake katika maonyesho anayoyaamua, na mbwa aliyekuwa mali yake, au aliyemlaza bandani kwake, kumfunza au kumwonyesha ndani ya mwaka mmoja uliopita, asiingizwe chini yake.

Kwa mtu wa kwetu sheria ya kutokaa kwa watu ina uchungu wake. Umefika mji wa watu, mwenyeji ana mbwa kesho, anakwambia «karibu nyumbani, hoteli ya nini?» Kukataa ni kama kumtukana. Kataa kwa adabu, na umwambie kabisa kwamba baada ya riboni ya mwisho utakuja kula. Mwonyeshaji mwenye akili ataelewa. Asiyeelewa, huyo ndiye hasa uliyepaswa kumkwepa.

Kuna na mambo ambayo hayajaandikwa kwenye kanuni yoyote lakini kila mtu anayaona: kumchekea mwonyeshaji mashuhuri na kumnunia mgeni, kumpa mbwa wa mtu fulani muda mrefu mezani na wa mwingine kumpitia juujuu, kumwita mtu kwa jina ulingoni. Niliwahi kumtazama jaji mmoja wa zamani aliyekuwa akimwambia kila mwonyeshaji maneno manne yaleyale kwa sauti ileile, awe mtoto wa miaka kumi au bingwa wa mwaka jana. Nilidhani ni ukavu wa tabia. Mchana nikakuta watu walioshindwa wanamsifu.

Itakuwaje rafiki yangu akiingiza mbwa chini yangu?

Maonyesho ni dunia ndogo. Ukikaa miaka 12 utakuwa na marafiki kila ulingo. Urafiki wa kusalimiana na kubadilishana mawazo hauna shida. Shida ni ubia wa mbwa, deni, biashara ya watoto wa mbwa, au undugu. Mwenzako wa aina hiyo mwambie mapema asiingize mbwa. Usingoje mpaka umkute kwenye mstari, kwa sababu hapo una njia mbili tu: umpe ushindi watu wagune, au umnyime ushindi aliostahili ili usigunwe. Zote mbili zinamdhulumu mbwa fulani.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Ulingoni msemo huo hauna kazi.

Mbwa akichechemea au akitaka kuuma nifanye nini?

Anayechechemea, jaji humtoa ulingoni, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba alikanyaga jiwe sasa hivi. Mbwa anayemshambulia mtu ulingoni, kwa kanuni za AKC, huondolewa kabisa na tukio huandikwa kwenye daftari la jaji. Vilevile mbwa aliyebadilishwa sura kwa rangi au ujanja mwingine. Kwa aina zenye mipaka ya kimo, jaji ana haki ya kuagiza kipimo kiletwe, na kipimo kikisema hapana, hapana mjadala.

Jaji anaweza pia kuizuia riboni ya kwanza ikiwa hakuna mbwa anayeistahili. Majaji wapya huogopa kufanya hivyo, hasa pale mbwa anapokuwa peke yake katika daraja lake na mwenyewe ametoka mbali. Haki hiyo ipo ili itumike.

Jaji anahusika vipi na afya ya mbwa?

Zamani wengi walijibu kwamba hahusiki. Baada ya filamu moja ya BBC ya mwaka 2008 kuonyesha mateso ya mbwa wa nasaba waliofugwa kwa kutia chumvi maneno ya kigezo, jibu hilo halikukubalika tena Uingereza. Mwaka 2012 huko Crufts, washindi wa aina 15 zilizokuwa na matatizo makubwa walitakiwa kupita kwa daktari wa mifugo kabla ya kwenda kwenye kundi. Sita walikwama: Basset Hound, Bulldog, Clumber Spaniel, Mastiff, Neapolitan Mastiff na Pekingese. Fikiria fedheha ya wale majaji. Walikuwa wamewatangaza mbwa hao kuwa bora wa aina zao, na saa chache baadaye daktari akasema hawafai kuendelea.

Palizuka hasira nyingi. Baadhi ya majaji waliona wamevuliwa nguo hadharani, na wenye mbwa wakauliza kwa nini daktari aingilie kazi ya jaji. Mimi naona jaji aliyekuwa akisikiliza pumzi ya mbwa, na kuangalia macho na ngozi iliyokunjamana, angeweza kuliona tatizo mapema. Siku hizi The Royal Kennel Club ina mpango wa Breed Watch unaomwambia jaji, kwa kila aina, ni kasoro zipi za kiafya azitazame.

Kwa vitendo ina maana hii: pua fupi haimaanishi pua iliyoziba. Ngozi iliyolegea haimaanishi ngozi yenye vidonda. Mbwa anayekoroma akiwa amesimama tu asipewe ushindi kwa sababu kichwa chake kinafanana na picha.

Mimi ni Mwislamu. Nitashikaje mate ya mbwa?

Swali hili huulizwa sana pwani, na wengine huona haya kuliuliza. Kwa Shafi, madhehebu ya wengi wetu, mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito, inayooshwa mara saba na moja wapo kwa udongo. Wamaliki wana mtazamo mwepesi zaidi. Kuhusu hukumu muulize shehe wako.

Kuhusu kazi yenyewe, jua kwamba jaji anaweza kumwomba mwonyeshaji amfunulie mbwa midomo, naye akaangalia bila kugusa. Wengi hufanya hivyo hata bila sababu ya dini, ili wasihamishe maradhi kutoka kinywa hadi kinywa. Mwili huna budi kuushika. Kanzu uliyovaa ulingoni usiswalie. Beba ya kubadilisha.

Malipo yakoje?

Mwanzoni usitarajie zaidi ya nauli, malazi na chakula. Marekani majaji wenye aina nyingi hujadiliana ada na klabu, na wapo wanaoishi kwa kazi hii. Uingereza wengi huamua kwa kurudishiwa gharama tu. Ukipiga hesabu ya miaka ya kufuga, semina na safari, fedha haiwezi kuwa sababu ya kuingia.

Niko Afrika Mashariki. Nianzie wapi?

Nairobi. Huko ndiko iliko East Africa Kennel Club, inayosajili mbwa wa nasaba na kuandaa maonyesho, na imezoea kualika majaji kutoka ng'ambo. Jiunge, jitolee kusaidia ulingoni, na usimwache jaji mgeni aondoke bila kumuuliza maswali mawili matatu kazi ikishakwisha. Kusini zaidi kuna Kennel Union of Southern Africa, mwanachama wa FCI, ambayo pia huitambua Africanis, mbwa wa asili wa kusini mwa bara hili. Mtu anayedhani maonyesho ni ya mbwa wa Kizungu pekee angefaa amtazame huyo.

Aliye Uingereza au Marekani ana njia fupi zaidi: klabu ya aina anayoifuga, katika eneo lake. Anza na mashindano madogo.

Je, Kiingereza ni lazima?

Kwa AKC na Uingereza, huna njia ya kukikwepa. Vigezo, mitihani na mahojiano vyote viko kwa lugha hiyo. FCI hutaka jaji wa kimataifa ajue walau moja kati ya lugha zake za kazi, zikiwemo Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura mwenye Kifaransa safi kwa hiyo hana sababu ya kukata tamaa.

Mtu akinilalamikia mbele za watu au akinichafua mtandaoni?

Kuhusu ubora wa mbwa, uamuzi wa jaji ni wa mwisho. Malalamiko yanayosikilizwa ni ya utaratibu na mwenendo. Mwonyeshaji akija baada ya kazi na kuuliza kwa adabu, mweleze kuhusu mbwa wake tu, kwa maneno ya kigezo. Usimtaje mbwa wa mwenzake hata akikubana. Mtandaoni usijibu. Ukijibu mara moja utajibu mwaka mzima.

Na sifa nazo zina hatari yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nimeona majaji walioanza kuwatafuta wapiga picha kwa macho kabla ya kumaliza kupima meno.

Nimepata mwaliko wangu wa kwanza. Nifanye nini?

Jibu kwa maandishi. Uingereza mkataba hukamilika kwa hatua tatu: klabu inaalika, jaji anakubali, klabu inathibitisha, zote kwa maandishi. Hata pale ambapo sheria haidai hivyo, fuata mtindo huo. Andika aina utakazoamua, idadi ya juu ya mbwa, nani analipa tiketi na kwa fedha ya nchi gani, utalala wapi, na nani atakupokea uwanja wa ndege. Hakikisha anayekupokea hana mbwa siku hiyo. Soma upya vigezo vyote wiki ya mwisho, vile unavyovijua kwa moyo ndivyo uvisome kwanza. Vaa viatu vya chini visivyoteleza na nguo zisizoning'inia, maana tai ndefu humpiga mbwa usoni kila ukiinama. Bangili zinazolia ziache hotelini.

Fika mapema, uliza ulingo wako, tembea juu yake ukitafuta mashimo, kisha weka meza pale ambapo jua halitampiga mbwa machoni.